Penzi la Mwiko Linataka Mwiko wa Kweli

Riwaya za mapenzi zinazopita mikononi siku hizi ni za kwenye simu: sehemu za mwanzo bure, kisha unaambiwa utume pesa kwa M-Pesa ndipo uingizwe kwenye kundi umalizie. Mada isiyochuja humo ni penzi lililokatazwa. Na mwandishi akitaka penzi hilo liwe na udi, kanga na maneno matamu, analihamishia Tanga, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kushuka stendi ya Kange.

Mada yenyewe naipenda na nitaendelea kuisoma. Kinachonikera ni katazo. Sura baada ya sura tunaambiwa penzi hili haliwezekani, lakini hatuambiwi limekatazwa na nani, kwa msingi gani, wala kitatokea nini hasa likiendelea. Baba anapiga meza. Binti analia kitandani. Kijana anazunguka na pikipiki. Sehemu ya 40 baba anaanguka kwa presha, anafariki, na wapenzi wanaoana. Basi muda wote huo kilichozuia ndoa kilikuwa shinikizo la damu la mzee mmoja?

Mimi nikifungua riwaya ya aina hii natafuta majibu ya maswali manne. Nani anakataza? Anakataza kwa dini, kwa sheria ya nchi, kwa mila, au kwa jeuri yake tu? Ana nguvu gani mkononi ya kuzuia? Na akilegeza, yeye mwenyewe atapoteza nini? Hili la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo linalomfanya mpinzani awe mtu. Kwa kitabu cha maneno 50,000, majibu yawe yameshafika kabla ya neno la 12,000. Kwa riwaya ya vipande vya maneno elfu moja moja, yasipite sehemu ya 12. Ukichelewa zaidi ya hapo msomaji anaanza kujiuliza mbona hawaoani tu, na akishajiuliza hivyo hata machozi ya binti hayamgusi tena.

Tuanze na dini, maana ndiko wengi wanakoanzia. Binti Mwislamu na kijana Mkristo: hapa katazo liko wazi, fikihi, yaani sheria ya dini ya Kiislamu, haimruhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na asiye Mwislamu, na sheikh hataifunga ndoa hiyo. Geuza sasa, kijana awe Mwislamu na binti Mkristo, na mambo yanabadilika. Quran imeruhusu kuoa wanawake wa Ahlul-Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, ingawa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani yetu, wameizungushia ruhusa hiyo masharti mazito. Kwa upande wa pili, Kanisa Katoliki halifungi ndoa ya muumini wake na mtu asiyebatizwa mpaka kipatikane kibali cha askofu. Hizi ni hali tofauti, zenye uzito tofauti na njia tofauti za kutokea. Mwandishi anayeziandika zote kwa sentensi moja, "dini haituruhusu", amejinyima riwaya tatu.

Halafu kuna suala la nyumba ipi. Uislamu ulipanda Bonde kutokea pwani, na Waanglikana wakaweka misheni yao Magila, karibu na Muheza, katika karne ya 19. Matokeo yake, miongoni mwa Wabondei zipo koo ambazo watoto wa baba mmoja mkubwa na mdogo, mmoja ni Athumani na mwingine ni Petro, na Idi na Krismasi zinawakuta uani pamoja. Ukiweka penzi la dini mbili kwenye familia kama hiyo, usitegemee mshtuko. Tafuta mambo madogo yenye makali: watoto watapewa majina ya upande gani, bibi akifa atazikwa kwa ibada ipi na nani ataingia kaburini, kuku wa sikukuu atachinjwa na nani. Penzi lilelile ukiliweka kwa familia ya masharifu wa Ngamiani ni jambo la kuvunja nyumba. Mwandishi lazima achague nyumba kabla hajachagua wapenzi.

Sasa walii, na hapa naomba tukae kidogo.

Katika ndoa ya Kiislamu kwa Kishafii, mwanamke anaozwa na walii wake, na walii ana mpangilio: baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa binti wa baba na mama mmoja, kaka wa baba mmoja, watoto wao wa kiume, kisha ami, na kuendelea upande wa baba. Mama hamo. Mjomba hamo. Nimesoma riwaya chungu nzima ambamo mjomba, kaka yake mama, ndiye "anayemwoza" binti kwa kuwa baba ameshafariki na ami yupo hai anakunywa kahawa barazani. Ndoa hiyo haisimami, na msomaji yeyote aliyepita madrasa analijua hilo.

Na kosa lenyewe linaficha utajiri. Chukua familia ya Kidigo ya huko Mkinga. Kwa asili Wadigo walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na sauti ya mjomba kwenye mambo ya mpwa wake bado ni nzito. Sasa una nyumba ambamo mtu anayesikilizwa hana uwezo wa kuoza, na mwenye uwezo wa kuoza, ami, hasikilizwi na mtu. Mjomba anamtaka kijana, ami hamtaki. Au kinyume chake. Mshenga apeleke barua kwa nani kwanza? Akianza kwa ami, mjomba atasema hakuheshimiwa. Akianza kwa mjomba, ami atangoja mpaka siku ya akdi, ya kufunga ndoa, ndipo awe na safari ya ghafla. Riwaya nzima inaweza kukaa hapo bila mtu kupiga kelele.

Jambo la pili la walii ni kukataa. Waandishi wanapenda mandhari ya binti kumkimbilia sheikh: "Baba amekataa kuniozesha, niozeshe wewe." Ni kweli kwamba walii akimzuia mwanamke asiolewe na mwanamume anayelingana naye, uwalii huhamia kwa hakimu. Huku Bara, ambako kadhi si sehemu ya mahakama za serikali kama Zanzibar, watu huishia kwa masheikh na makadhi wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Lakini fikihi ya Kishafii ina kipengele ambacho ni zawadi kwa mtunzi: binti bikra akimtaja mwanamume anayelingana naye, na baba akamtaja mwingine anayelingana naye vilevile, kwa kauli yenye nguvu zaidi chaguo la baba ndilo linalotangulia. Maana yake baba mjanja hana haja ya kukataa. Anasema tu, kwa upole kabisa, "Mwanangu, sijakataa usiolewe. Nimemwona mtoto wa ami yako." Kwa neno hilo hoja ya kuzuiwa imekufa mbele ya sheikh.

Upande wa pili wa mizani ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotaka kila mmoja wa wanaooana aridhie kwa hiari yake. Baba hawezi kumlazimisha binti aolewe na mtoto wa ami. Na hata kwenye fikihi, mamlaka ya baba ya kumwoza bikra bila idhini yake yana masharti, mojawapo ni kwamba pasiwe na uadui wa dhahiri kati ya baba na binti. Basi mmesimama: baba hawezi kumwoza anayemtaka yeye, binti hawezi kuozwa anayemtaka yeye, na wote wawili wanakula sahani moja kila jioni. Hapo ndipo katikati ya riwaya panapotakiwa kuwa. Uadui wa dhahiri ni jambo la kuthibitishwa, kwa hiyo kila neno kali linalotamkwa mezani, kila siku ya kutosalimiana, ina majirani wanaoisikia na inaweza kuja kutajwa. Binti aliyezoea kusema "shikamoo baba" kila alfajiri, siku akinyamaza, hilo ni tukio la sura nzima.

Kukataa kwenyewe nako, kwa watu wa Tanga, hakupigwi kelele. Barua ya posa imeletwa na mshenga kwenye bahasha yenye kishika uchumba ndani. Siku kadhaa zinapita. Mshenga anaitwa, anakaribishwa, analetewa chai na vitafunwa, anaulizwa habari za nyumbani mpaka zinaisha. Kisha mzee anasema: "Tumeipokea heshima yenu. Ila binti bado tunaye kidogo." Bahasha inarudishwa juu ya sinia, pesa haijaguswa, imebandikwa tena vizuri. Hakuna aliyetukanwa, na kila mtu mtaani kufikia magharibi anajua. Mwandishi anayemfanya mzee wa Chumbageni afoke "sitaki kumwona mshenzi huyu!" hajaketi na wazee wa hapa. Upole huo ndio mzito kuuvunja, kwa sababu haumpi kijana cha kugombana nacho.

Kuhusu kufu, yaani kulingana kwa wanaooana, nitasema kwa ufupi. Binti wa kisharifu na mvuvi wa Sahare: waandishi wanaandika kwamba dini imeharamisha. Haijaharamisha. Kulingana kwa nasabu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wenye haki wakiridhia kuiacha, ndoa inafungwa na inasihi. Ina maana katazo hapa ni la ukoo linalovaa kilemba cha dini, na mhusika mwenye akili, labda shangazi aliyesoma, anapaswa kulisema hilo kwa sauti wakati fulani. Ukilisema, ukoo unalazimika kutoa sababu zake za kweli, na hizo ndizo msomaji anazozitaka: mashamba ya minazi, jina, aibu ya mwaka fulani isiyotajwa.

Katazo ambalo waandishi wanalikimbilia na kuliharibu kuliko yote ni la ziwa. Wapenzi wamekwisha kupendana, barua imepokelewa, mahari yametajwa, na ghafla bibi mmoja anasimama: "Hawa hawaoani. Hawa wamenyonya ziwa moja." Mtaa unazizima. Ni kilele kizuri sana, na karibu kila mara kinaishia pabaya, kwa sababu sehemu mbili baadaye bibi anakumbuka kwamba alimchanganya na mtoto mwingine.

Hebu tulitazame katazo hili linavyofanya kazi. Kwa Shafii, unyonyeshaji unaoharamisha ndoa ni wa mara tano, mbalimbali, na mtoto awe hajatimiza miaka miwili kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Mara moja inahesabiwa kwa mtoto kuliacha ziwa mwenyewe akawa amemaliza. Akiacha kidogo kuvuta pumzi au kucheza kisha akarudia palepale, hiyo bado ni moja. Akihamishwa kutoka ziwa la kulia kwenda la kushoto katika mkao uleule, bado ni moja. Zikipungua tano, hakuna undugu. Ukiwapo shaka, kama zilikuwa tano au nne, asili ni kwamba hakuna katazo, lakini wanazuoni wanasema uchaji ni kuepuka.

Ushahidi wake unakubaliwa wa wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, au wanawake wanne peke yao, kwa kuwa ni jambo ambalo kwa kawaida wanaloliona ni wanawake. Hata yule aliyenyonyesha anahesabika miongoni mwa hao wanne, mradi hadai ujira wa kunyonyesha.

Sasa waweke bibi wanne kwenye mkeka, uani, barabara ya 12, miaka 25 baada ya tukio. Mama wa kijana alilazwa Bombo, na jirani akamchukua mtoto. Bibi wa kwanza anakumbuka mara tatu, na anazikumbuka kwa sababu kila mara alikuwa akipepeta mchele. Wa pili anasema mara mbili ni usiku mmoja, mvua ya masika ikipiga bati, ila hajui kama mtoto aliacha mwenyewe akashiba au alitolewa akarudishwa. Wa tatu ana hakika na tano, lakini anaichukia familia ya binti tangu enzi za mgogoro wa kiwanja, na kila mtu hapo uani analijua hilo. Wa nne ni mnyonyeshaji mwenyewe, naye kila akiulizwa anasema, "Mtoto alikuwa analia, mwanangu. Nani anahesabu?"

Hiyo ndiyo riwaya. Sheikh akiletewa ushahidi huo atasema hakuna kilichothibiti, wakipenda waoane. Na wapenzi wanabaki na ruhusa mkononi na shaka moyoni. Mmoja anaweza kuichukua ruhusa, mwingine akashindwa kulala. Hapo mpinzani hayupo tena nje ya wapenzi, na hakuna presha ya baba itakayowasaidia.

Kuna makosa mengine ya ziwa ya kuangalia. Undugu unamfunga yule aliyenyonya na kizazi chake, haurudi kwa ndugu zake. Kaka yake aliyelelewa kwa maziwa ya mama yake mwenyewe anaweza kumwoa binti wa mnyonyeshaji bila tatizo lolote. Riwaya zinawafungia ukoo mzima. Kinyume chake zinasahau kwamba watoto wote wa mnyonyeshaji, waliozaliwa kabla na baada, ni ndugu wa yule aliyenyonya, si yule tu aliyekuwa naye kifuani msimu ule. Na mume wa mnyonyeshaji, ambaye maziwa yalitokana na uzazi wake, amekuwa baba wa ziwa.

Lipo jingine zuri zaidi ambalo sijaliona kwenye riwaya yoyote. Mwanamume akikiri kwamba fulani ni dada yake wa kunyonya, na jambo hilo likawa linawezekana, vitabu vya fikihi vya Kishafii vinaichukua kauli hiyo: hawaoani. Sasa fikiria vijana wawili wamekutwa wakizungumza kizani kwenye uchochoro wa Makorora, mzee anauliza nani huyo, na kijana kwa hofu anajibu, "Dada yangu wa ziwa huyu, babu." Shikamoo, marahaba, wamepita. Hilo liwe sehemu ya 3, jambo dogo la kuwaokoa usiku mmoja. Sehemu ya 25, siku posa inapopelekwa, mzee yule awe ndiye imamu.

Eda nayo inasubiri mtunzi wake. Mjane anakaa miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Katika muda huo ni haramu kumposa waziwazi, ila kudokeza kumeruhusiwa, na aya imelitaja jambo hilo. Hapa una penzi lenye kalenda: siku zinahesabika, mwisho wake unajulikana, na maneno yote lazima yapite pembeni. Anayekuja kutoa pole anaweza kusema, "Mtu mwenye sifa zako hakosi wa kumstiri." Hawezi kusema "nisubiri." Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ndiyo urefu wote wa riwaya, na Kiswahili chetu, chenye mafumbo, kanga na taarabu, kimeumbwa kwa kazi hiyo. Ajabu ni kwamba waandishi wetu wanaifupisha eda kwa nyota tatu katikati ya ukurasa: "Baada ya eda kwisha..." Na kama mume wa kwanza alikuwa rafiki wa huyu anayedokeza, basi kila kikombe cha chai anachopewa kwenye nyumba ile kina mzigo wake.

Dawa ya haraka ambayo wengi wanaikimbilia ni bomani. Wapenzi wanatoroka Jumatatu, Jumanne wana cheti. Haiko hivyo. Sheria inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na taarifa hiyo hutangazwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Upo msamaha wa muda huo kwa kibali maalumu, lakini usimpe kijana wa Mabawa asiyemjua mtu. Siku 21 zenye majina mawili ubaoni, katika mji ambao karani ana shangazi na shangazi ana simu, zinafaa kuliko mbio zozote za usiku. Na pingamizi si la wazazi tu. Mwanamume mwenye ndoa ya wake wengi akitaka kuongeza mke, mke aliyepo anaweza kupinga kwa hoja kwamba kipato cha mume hakitoshi na watoto watateseka, au kwamba anayekuja ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Mke mkubwa anayesimama mbele ya msajili na hesabu ya ada za shule mkononi ni mpinzani bora kuliko yule wa kumwagia mwenzake maji ya moto.

Kutorokea Mombasa kupitia Horohoro kuna mantiki yake ya zamani: walii akiwa mbali kwa safari ya kupunguza sala, kilomita 80 na ushee, hakimu anaweza kuoza kwa niaba yake. Muheza haifiki umbali huo, Mombasa inafika na kuzidi. Lakini mwandishi wa leo akumbuke simu. Sheikh mwenye busara atauliza namba ya baba kabla hajauliza mahari, na mandhari ya simu ile kuita, mara ya kwanza, mara ya pili, inaweza kuwa kali kuliko safari yote.

Ndoa ya mkeka nayo imechezewa sana. Kijana anakutwa chumbani, wazee wanafunga mlango, sheikh anaitwa, mahari yanatajwa hapohapo, kumekucha ni mume. Inaandikwa kama kichekesho, au kama njama ya binti iliyofanikiwa. Ukiiandika, kumbuka kwamba sheria inataka hiari, na ndoa ya kulazimishwa ina ufa tangu usiku ule. Ufa huo ndio hadithi. Mume wa mkeka anayempenda mkewe kwa kweli bado ana swali ambalo mkewe hatalimaliza kamwe: ungenioa mchana?

Na lipo jambo ambalo silikubali kuitwa penzi la mwiko hata kidogo: mwalimu na mwanafunzi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilishasema vifungu vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Mtoto wa kidato cha tatu hana penzi lililokatazwa na mtu mzima. Ana mtu mzima anayemtendea kosa. Riwaya inayolipamba hilo kwa mshumaa na upepo wa kaskazi naifunga palepale.

Nikirudi kwenye ndoa yenyewe, mandhari ya akdi ndiyo inayomwumbua mwandishi aliyejifunza harusi kwenye filamu. Bwana harusi na bibi harusi hawasimami bega kwa bega mbele ya sheikh wakisubiri mtu apaze sauti "simamisheni ndoa hii!" Akdi ni kati ya walii, au wakili wake, na mwanamume, mbele ya mashahidi wawili. Bibi harusi yuko ndani na wanawake. Idhini yake inakwenda kuulizwa huko, na bikra akinyamaza, kimya chake kinahesabiwa kuwa ni kukubali. Kisha nje mikono inashikana, walii anasema amemwoza fulani kwa mahari kadhaa, na mwanamume anajibu papo hapo kwamba amekubali. Papo hapo: kimya kirefu kikiingia kati ya kauli hizo mbili kinaharibu, inabidi warudie. Mtunzi anayelijua hilo ana sekunde chache za thamani. Walii ambaye hakutaka ndoa hii ametamka. Kijana ana pumzi moja. Na ndani, binti aliyeulizwa amenyamaza, na wanawake waliomzunguka ndio peke yao wanaojua kimya kile ni cha namna gani.

Kuhusu mwisho. Wachapishaji wakubwa wa mapenzi, kama Mills & Boon ya London iliyoanza mwaka 1908 na kugeukia mapenzi peke yake miaka ya 1930, wameshikilia kwamba msomaji aachwe na matumaini. Nakubaliana nao. Msomaji aliyetuma pesa yake mara sita kwa vipande hastahili kuzikiwa wapenzi wote wawili. Lakini matumaini yawe yamelipiwa, na aliyelipa ajulikane. Njia tatu za kukwepa malipo ndizo zinazoua riwaya zetu: mpinzani kufa, siri ya uzazi kufichuka kwamba binti kumbe si wa ukoo ule, na kijana maskini kugundulika ni mtoto wa tajiri. Zote tatu zinaliondoa katazo bila mtu kuamua chochote.

Mwisho wenye nguvu unataka mmoja aliyeshikilia katazo alegeze akiwa hai, akijua anachopoteza. Ami akubali kuoza, na Ijumaa inayofuata akose mtu wa kukaa naye barazani. Sharifu aridhie mvuvi, na binti zake wawili waliobaki wasipate posa mwaka ule. Na kwa ajili hiyo riwaya isikomee kwenye akdi. Baada ya akdi ziachwe kurasa 20 hivi, au vipande vitano, vya fungate na miezi inayofuata, maana Ngamiani si mahali pa kuhama na kusahau. Mzee aliyerudisha bahasha juu ya sinia bado ataswali msikiti uleule, atanunua samaki kwa mvuvi yuleyule, na siku mjukuu akizaliwa mtu itabidi aende kumwambia. Mwandishi aniandikie nani alikwenda, alibisha hodi saa ngapi, na aliitikiwa na nani.